Mwongozo Kamili wa Kumpeleka Mtoto Kwenye Tamasha la Vichezeo vya Kuunda Nchini Uganda

Wazazi wengi hunieleza jambo lile lile baada ya tamasha. Walitoka nyumbani na watoto wenye furaha, wakazunguka mabandani tangu adhuhuri hadi jioni, wakalipia kiingilio, chakula na picha, kisha wakarudi na watoto waliochoka na wenye machozi ambao hawakuunda kitu chochote. Karibu kila mara sababu ni moja: familia huanza kwa kutazama, na inapofika kwenye meza ya kuunda, nguvu za mtoto zimekwisha na foleni imerefuka.

Kwa hiyo mwongozo huu unaipanga siku nzima kulizunguka lengo moja, nalo ni kwamba mtoto akae mezani mapema, aunde kitu kimoja kwa mikono yake mwenyewe, akimalize, na apate muda wa kukifurahia. Mengine yote, yaani maonyesho, mashindano, maduka na michezo ya kuruka, yatakuja baada ya hapo. Maelezo yanafaa kwa tamasha la vitofali vya plastiki kama vya Lego, la roboti ndogo, au la magari ya waya na vichezeo vya magunzi na nyuzi za mgomba, na yamekusudiwa watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na minne.

## Vitu vya kuandaa

Viandae usiku wa kuamkia tamasha, kwa sababu asubuhi yenye watoto kadhaa haina nafasi ya kutafuta kitu.

- Boksi gumu dogo, kwa mfano la viatu, pamoja na vipande vya gazeti vya kujazia. Kitu alichounda mtoto huvunjika ndani ya taxi (matatu) kikibebwa mkononi au kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kilio chake huwa kikubwa kuliko furaha ya siku nzima.
- Kadi ya karatasi ngumu kwa kila mtoto, yenye namba mbili za simu: yako na ya mtu mzima mwingine ambaye hayupo tamashani. Ibane kwa pini upande wa ndani wa nguo. Usiandike jina la mtoto mahali panapoonekana, kwa sababu mtu mbaya akilisoma ataweza kumwita kama anayemfahamu.
- Nguo za juu za rangi moja inayoonekana kwa mbali, kwa familia nzima. Njano na rangi ya machungwa hufaa kuliko nyeupe, ambayo huvaliwa na wengi.
- Maji kwa kila mtoto katika chupa yake, na chakula kisichomwagika: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu. Karanga nzima usiwape walio chini ya miaka mitano, kwa kuwa hukwama kooni kwa urahisi.
- Kofia na koti la mvua.
- Fedha taslimu katika noti ndogondogo. Panapokusanyika watu wengi mtandao wa simu huweza kulemewa, na malipo ya simu yakikwama langoni utasimama juani na watoto.
- Kitambaa kibichi ndani ya mfuko, sabuni kidogo, na karatasi za chooni.
- Simu iliyojaa chaji.

Kigari cha mtoto mchanga kiache nyumbani ikiwa uwanja ni wa nyasi au changarawe. Mbebe mgongoni kwa kitenge au leso, ili mikono yako ibaki huru kwa wakubwa.

## Hatua ya 1: Chagua siku, saa na idadi ya watoto

Kabla hujalipa, wapigie simu waandaaji na uwaulize kama kuna meza za kuunda zilizo wazi kwa kila mtoto au ni maonyesho ya kutazama tu. Kama meza hizo zimetengwa kwa umri. Kama nafasi hupangwa kwa zamu na huandikishwa wapi. Kama vitu wanavyounda watoto hupelekwa nyumbani au hubomolewa. Na kama kuna paa la kutosha mvua ikinyesha. Anayeshindwa kukujibu kuhusu meza na umri ameandaa soko la vichezeo, na ni bora ulijue hilo kabla ya kuwaahidi watoto.

Swali la paa si dogo kwetu. Sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda hupata mvua kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, na likizo ya shule ya mwezi Mei huangukia humo humo.

Ikiwa tamasha ni la siku mbili, chagua siku ya kwanza, mlango unapofunguliwa. Vipande havijapotea, wasaidizi hawajachoka, na meza hazijajaa. Siku ya pili jioni utakuta masanduku ambayo magurudumu yote yamekwisha chukuliwa, na mtoto anayetaka kuunda gari ataambulia kuta.

Kuhusu idadi, mtu mzima mmoja aweza kuwaangalia vizuri watoto wawili walio chini ya miaka minane, au watatu ikiwa mmoja ni mkubwa. Najua namna jamaa wanavyokabidhiana watoto siku kama hizi, na kumkatalia shangazi anayetaka uende pia na wanawe wanne ni kazi ngumu. Mwombe basi na yeye aje, au amtume mjomba wao. Anayekwenda na watoto saba peke yake hatakaa mezani na yeyote kati yao.

Hatua hii imekamilika unapokuwa na saa kamili ya kuanza zamu ya kwanza, jina la banda la kuunda, na watu wazima wa kutosha kwa kila kundi la watoto.

## Hatua ya 2: Izoeze mikono nyumbani wiki moja kabla

Mtoto ambaye hajawahi kushika vitofali hutumia muda wake wote wa zamu akijifunza kuvibana na kuvibandua. Muda huo ungeweza kupatikana nyumbani bila gharama.

Kama huna vitofali, tumia ulicho nacho. Magunzi makavu ya mahindi yaliyounganishwa kwa vijiti hufundisha jinsi nguzo inavyosimama. Visanduku vya kiberiti vikipangwa hufundisha ukuta. Vizibo vya soda vilivyotobolewa katikati na mkubwa, kisha vikapitishiwa waya, huwa magurudumu, na kandambili iliyochakaa ikikatwa miduara hutoa magurudumu bora zaidi kwa sababu mpira haupindi ukingo. Watoto wa Uganda wameunda magari kwa njia hii miaka yote, na anayejua kulifanya gari la waya liende bila kuvuta upande mmoja tayari anaelewa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kuliko mtoto aliyefuata picha za kwenye boksi.

Onyo la waya: kila ncha iliyokatwa ikunjwe kwa koleo hadi iwe kitanzi. Ncha iliyoachwa wazi hutafuta jicho.

Katika wiki hiyo fundisha mambo mawili tu. La kwanza ni kupishanisha viungo. Mwambie mtoto atazame ukuta wa matofali ya kuchoma barabarani, aone kwamba kila tofali limekalia mpaka wa mawili yaliyo chini yake. Kisha ajenge kuta mbili fupi, moja yenye viungo vilivyopishana na nyingine yenye viungo vilivyopangana wima, na azisukume zote mbili kwa kidole. Ataona mwenyewe ipi inafunguka. La pili ni pembetatu: vijiti vinne vilivyofungwa pembeni kwa uzi huanguka upande, lakini kijiti cha tano kikiwekwa kwa mshazari fremu hukaa imara, kwa sababu pembetatu haiwezi kubadili umbo bila mmoja wa mikono yake kuvunjika au kurefuka. Daraja, mnara na mkono wa roboti vyote vinasimama kwa elimu hiyo.

Siku ya mwisho muulize mtoto anataka kuunda nini, naye achore. Mchoro uwe mbaya au mzuri, utunze ndani ya boksi. Mtoto anayefika na nia yake hachanganyikiwi na meza arobaini.

## Hatua ya 3: Safari

Ondokeni mapema kiasi cha kufika nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa. Kwa Kampala hilo lina maana ya kuuheshimu msongamano wa magari, hasa Jumamosi, ambapo barabara zinazotoka katikati ya jiji hujaa tangu asubuhi. Tamasha likiwa upande wa Lugogo, taxi zinazopitia Barabara ya Jinja kuelekea Nakawa na kwingineko zitakushusha karibu. Mwambie kondakta mapema unaposhuka, maana kuwashusha watoto wawili na boksi si jambo la sekunde.

Bodaboda ni chombo cha abiria mmoja. Kumpakia mama na watoto wawili nyuma ya dereva, mmoja akiwa amekalia tangi, ni hatari ambayo hakuna tamasha linaloifidia, na kofia ngumu za watoto hazipatikani kwa madereva. Kama taxi haifiki, kodisheni gari pamoja na familia nyingine ya mtaani.

Mtoto ale kabla ya kuondoka na aende chooni akiwa nyumbani.

## Hatua ya 4: Dakika kumi za kwanza langoni

Msikimbilie ndani. Simameni kando ya mlango mfanye mambo manne kwa utaratibu.

Piga picha ya kila mtoto akiwa amesimama wima, viatu vikionekana. Mtoto akipotea, mzazi aliyeshtuka husahau hata rangi ya suruali, lakini picha ya asubuhi hiyo haisahau.

Chagueni mahali pa kukutana, pawe kitu kisichohama: nguzo ya bendera, mti mkubwa, lango lenyewe. Banda la aiskrimu halifai kwa kuwa yapo matatu na huhamishwa. Nendeni hadi pale, kila mtoto apaguse kwa mkono.

Waonyeshe wasaidizi wa tamasha na sare zao. Mwambie mtoto: "Usiponiona, simama pale pale ulipo, uniite kwa sauti. Nisipokuja, mwendee mtu mwenye sare hii au mama mwenye watoto." Mwombe arudie kwa maneno yake.

La nne ni kutafuta vyoo na mabomba ya kunawia, mkitazama njia tu bila kuingia.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, ziwe zimetoka Busia, Arua, kambi za jeshi au Kongo, huwa na wasiwasi kwamba mtoto ataaibika kwa kuwa wasaidizi wengi Kampala hutumia Kiingereza na Kiluganda. Wasiwasi huo usiwazuie. Maelekezo ya Lego yameandaliwa kwa picha tupu bila maneno, na kazi ya mikono huonwa kwa macho. Mwambie msaidizi mara moja tu kwamba mtoto huyu anaelewa Kiswahili, kisha mkae.

Mkiondoka langoni, kila mtoto awe na uwezo wa kunyoosha kidole bila kusita kuelekea mahali pa kukutana.

## Hatua ya 5: Meza ya kuunda kwanza

Hii ndiyo hatua iliyobeba siku, na ndiyo inayoharibika kuliko zote. Nendeni moja kwa moja kwenye banda la kuunda. Mtapita mbele ya minara mirefu, treni zinazotembea na roboti zinazocheza ngoma, na watoto watavuta mkono. Waambie kwa upole kwamba mtayarudia yote, na ulitimize neno hilo baadaye.

### Meza gani kwa umri gani

Walio chini ya miaka minne wakae kwenye vitofali vikubwa pekee. Kitofali cha DUPLO kina urefu, upana na kimo mara mbili ya kile cha kawaida cha Lego, na kimetengenezwa kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja na nusu. Kipimo rahisi cha usalama ni bomba la katikati la karatasi ya chooni: kipande chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo, maana kinaweza kuziba koo lake. Kwa sababu hiyo usimpakate mdogo kwenye meza ya wakubwa, hata kwa dakika moja.

Kuanzia miaka minne hadi saba, vitofali vya kawaida na magari yasiyo na injini yanatosha. Kuanzia minane, mtafutie meza ya gia (magurudumu yenye meno), madaraja au roboti.

### Kaa wapi, ufanye nini

Kaa pembeni mwa mtoto, nyuma kidogo ya bega lake, mikono yako ikiwa juu ya magoti. Nasisitiza mikono. Mzazi akikaa mbele ya mtoto huanza kusaidia kipande kimoja, kisha viwili, na baada ya robo saa mzazi ndiye anayejenga huku mtoto akimpelekea vipande. Nyumba itakuwa nzuri, lakini mtoto atajua si yake.

Kazi yako ni nne tu: kumtafutia kipande alichokitaja, kushikilia upande mmoja anapobana mwingine akikuomba, kuwazuia wengine wasimnyang'anye, na kuuliza. Kuuliza ndiko kunakofundisha. Mnara wake ukianguka na akasema, "Mama, umeanguka tena," usimjengee upya wala usimwambie alipokosea. Mjibu, "Pole, mwanangu. Hebu tutazame umeachia wapi." Mara nyingi atagundua kwamba umeachia kwenye safu ambayo viungo vyake havikupishana, au kwamba kitako ni chembamba kuliko kichwa. Kosa alilolitambua mwenyewe halirudii.

Akikwama kabisa na machozi yakikaribia, punguza ukubwa wa kazi. Badala ya nyumba, tujenge mlango wake. Badala ya gari lenye mlango unaofunguka, tupate magurudumu manne yanayozunguka sawasawa. Kitu kidogo kilichokamilika kina thamani kuliko ngome ya nusu ukuta.

### Gia, kwa wale wakubwa

Kwenye meza ya gia mtoto wa miaka tisa hukutana na jambo linaloweza kumshika kwa miaka mingi, kwa hiyo usimharakishe. Mpe gia ndogo yenye meno 8 na kubwa yenye meno 24, azishikanishe, kisha azungushe ndogo huku akihesabu. Ataona kwamba ndogo huzunguka mara tatu ili kubwa izunguke mara moja. Hapo mwambie ajaribu kuuzuia mhimili wa gia kubwa kwa vidole huku wewe ukizungusha ndogo, na baadaye mbadilishane. Atahisi kwamba gia kubwa inayosukumwa na ndogo huenda taratibu lakini ina nguvu, na kinyume chake huenda kasi na kuzuilika kwa urahisi. Gari lake la kupanda mlima litahitaji mpango wa kwanza. Gari la mbio kwenye sakafu litahitaji wa pili. Ndiyo sababu baiskeli ya gia hupanda kilima kirahisi kwenye gia moja na kukimbia tambarare kwenye nyingine, na mtoto aliyewahi kuisukuma baiskeli Kabale au Fort Portal ataelewa bila maelezo marefu.

### Maonyo ya mezani

Mtoto akiingiza kipande puani au sikioni, usikifuate kwa kidole wala kijiti, kwa kuwa utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke kwenye huduma ya kwanza au kituo cha afya.

Akikwamwa na kipande kooni lakini anakohoa kwa nguvu, mwache aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa, kulia au kuvuta pumzi, mwinamishe mbele umpige mara tano kwa kiganja kati ya mabega, na kisipotoka, msukume tumboni mara tano, juu ya kitovu, kwa kuvuta ndani na juu. Endelea kubadilishana hivyo huku mwingine akiita msaada. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimsukume tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano mgongoni, kisha mgeuze umbonyeze mara tano katikati ya kifua kwa vidole viwili.

Betri bapa zenye umbo la kitufe na sumaku ndogo zinastahili hofu kubwa zaidi. Betri iliyokwama kooni huweza kuunguza vibaya nyama ya ndani katika saa mbili tu, na sumaku mbili zilizomezwa hubana utumbo kati yake. Ukishuku kwamba mtoto amemeza kimojawapo, nendeni hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheza bila maumivu.

### Utajuaje kwamba meza imefaulu

Mtoto atanyanyua kitu chake bila kuambiwa na kuanza kukueleza: hili ni geti, huyu ndiye askari, hapa ng'ombe hulala. Kitu hicho kikiwa kimepinda na rangi zimechanganyika, usikirekebishe. Mpige picha akiwa nacho, kisha kitieni ndani ya boksi pamoja na gazeti. Ikiwa sheria ya tamasha ni kubomoa, mwambie mtoto kabla hajaanza kuunda na umruhusu akibomoe mwenyewe, kwa maana kubomolewa na mtu mwingine huumiza kwa namna nyingine kabisa.

## Hatua ya 6: Chakula, kivuli na choo

Baada ya meza, kaeni kivulini mle. Naweni mikono kwa sabuni kwanza, kwa sababu vipande hivyo vimepita mikononi na midomoni mwa watoto wengi. Mkitaka kununua, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) iliyokaangwa mbele yenu ni salama kuliko nyama iliyolala kwenye sahani. Wote waende chooni kabla ya hatua inayofuata, wakiwemo wanaodai kwamba hawahitaji.

## Hatua ya 7: Maonyesho na mashindano

Sasa timiza ahadi. Mtoto aliyekwisha kuunda hutazama kwa jicho lingine: haulizi tu ni kikubwa kiasi gani, huuliza kimesimamaje. Mchagulieni kila mmoja maonyesho mawili, mkae mbele ya kila moja kwa muda, badala ya kupita mbele ya ishirini.

Kanuni ya vitu vya maonyesho ni mikono nyuma ya mgongo. Vingi vimebanwa bila gundi, na aliyevijenga huenda alitumia miezi. Mtoto akiwa na swali, amwamkie mwenye kazi: "Shikamoo mzee, umeanza na upande upi?" Wajenzi hufurahi kuulizwa hivyo, na mara nyingi humwonyesha mtoto sehemu ya ndani isiyoonekana na wapita njia.

Mashindano ya haraka, yale ya kujenga mnara kwa dakika tano, yanawafaa wenye miaka saba na zaidi. Walio chini ya hapo huona kushindwa kama adhabu, kwa hiyo wapelekeni wakashangilie tu.

## Hatua ya 8: Mtoto akipotea

Isome kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa hutaweza kuisoma wakati huo.

Simama ulipo kwa muda, umwite kwa sauti, kwa maana wengi wako umbali wa meza mbili. Mtu mzima mmoja aende mahali pa kukutana na asiondoke hapo. Mwingine amwendee msaidizi wa karibu, amwonyeshe picha ya asubuhi, na aombe kwanza walinzi wa milango yote wasimamishe mtoto yeyote anayefanana naye. Milango hutangulia vipaza sauti. Tangazo litaje nguo, umri na lugha anayoisikia mtoto.

Muda ukipita bila habari, pigia polisi kwa namba 999 au 112. Laini ya bure ya watoto ya Sauti ni 116.

Akipatikana, usimpige wala kumfokea mbele za watu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kupotea hujificha mara ijayo.

## Hatua ya 9: Kununua, ikiwa mtanunua

Maduka yawe ya mwisho, na bajeti itajwe langoni. Sanduku kubwa halina ulazima. Vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765, kwa hiyo mfuko mdogo wa vipande vya kawaida humpa mtoto kazi ndefu kuliko seti ya bei kubwa inayojenga kitu kimoja.

Bana vitofali viwili kabla ya kulipa. Vizuri hushikana vikibanwa kidogo na hubanduka bila meno. Vibaya hulegea, au hung'ang'ana hadi kucha iume. Tazama pia kama kingo ni laini, kama kuna harufu kali ya kemikali, na kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Alama ya uso wa mtoto yenye 0-3 iliyopigwa mstari ina maana kwamba kichezeo hicho hakifai kwa wa chini ya miaka mitatu, na mwuzaji akikuambia kwamba ni pambo tu, usimsikilize.

Vitofali vya mitumba ni chaguo zuri kabisa. Vioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kwa kuwa maji ya moto hupinda plastiki na vipande havitashikana tena, kisha vikaushe kivulini.

## Hatua ya 10: Jioni na siku zinazofuata

Ondokeni watoto wakiwa bado na nguvu kidogo, hata kama tamasha linaendelea. Tangazeni mara mbili, kwanza zikiwa zimebaki dakika ishirini na tena zikiwa zimebaki tano, ili mtoto amalize alichoanza.

Nyumbani, kiwekeni kitu kilichoundwa mahali ambapo jajja (bibi au babu) na majirani watakiona, na mtoto ndiye akieleze, si wewe. Baada ya siku mbili au tatu mwombe akiunde upya bila kuitazama picha. Atakwama mahali fulani, na hapo ndipo atakapolazimika kufikiri kilichokuwa kikikishikilia. Kama kiliundwa kwa vipande vya tamasha na hamna vitofali nyumbani, akiunde kwa magunzi, waya na maboksi. Mwachie koleo akiwa na mtu mzima karibu, na ule mchoro wake wa kwanza mbandikie ukutani karibu na mahali pa kazi.